Kikombe Kimoja, Hakikurudishwa

Uwanja wa shule, Miritini, nyuma ya reli ya zamani.
Seng'enge ilipita hapa.
Watoto wa darasa la nne huliita goli la kaskazini "Jela"
na hakuna aliyewahi kuwaambia kwa nini.

Nimekuja na daftari, limefungwa kwa leso ya bibi
ambayo jina lake limefutika.
Babu yangu alikuwa karani wa kambi.
Hakumpiga mtu: ndivyo tulivyoambiwa
kila Idi, baada ya pilau,
kana kwamba kalamu haina uzito.

Wakaja. Padre Mghanga, kanzu imejaa vumbi la malori.
Ustadh Shekuwe, jicho moja kwenye saa, alasiri isimpite.
Bwana Hardev, fundi, ambaye babake
alilijenga tangi la kambi na hakulipwa.
Bi Dzame wa Rabai na kibuyu chake.
Wakabishana nani aanze.
Padre akasema, mgeni aanze.
Ustadh akauliza, mgeni hapa ni nani?
Akaanza mbuzi wa jirani,
tukacheka, haya zikatupungua.

Nyaguthii hakucheka.
Alishuka na treni ya usiku
na namba aliyoishona mamake kwenye pindo la shuka,
kwa kuwa kaburi la kulipalilia hakupewa:
4417.

Nikafungua. Karatasi zilinuka mende na karafuu.
Nikasoma kwa sauti, kama walivyoniomba:
*4417. Blanketi moja, limerudishwa.
Kikombe kimoja, hakikurudishwa.
Deni: senti sabini na tano.*

Basi.
Hakuna ugonjwa. Hakuna saa. Hakuna shimo.
Mtu alikufa, na mwandiko mzuri wa babu,
ule ule ulioandika barua zetu za posa,
ukamdai kikombe.

Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi,
hata moja la Kikikuyu, nililofundishwa na muuza mitumba Kongowea.
Yakanitoka yote, maji ya pakacha.

Akaingiza mkono kwenye kiondo.
Kikombe cha bati, kimebonyea ubavuni,
samawati yake imebanduka.
Mfungwa mwenziwe alikificha, akakifikisha kwao.
"Nimeleta," akasema. "Andika."
"Niandike nini, mama?"
"Kwamba kimerudi.
Kisha nionyeshe alipolala aliyekinywea."

Sikujua. Hakuna aliyejua.
Basi uwanja mzima ukawa kaburi,
na sisi sote tumevaa viatu.

Bwana Hardev akavua vyake kwanza.
Bi Dzame akatia maji kikombeni, akamwaga kidogo,
akawaita wa kwao na wasio wa kwao.
Padre akachora msalaba juu ya maji.
Ustadh akasita (mnakujua kusita kwa mtu aliyesoma)
kisha akainua mikono: dua ya aliyedhulumiwa,
akasema, haina pazia.
Tukaitika amina, kila mtu kwa lafudhi yake.
Kikombe kikanifikia.

"Wewe usimwage," Nyaguthii akasema. "Wewe kunywa."

Nikanywa. Kutu, na moshi wa kibuyu.

"Sijasamehe," akasema polepole,
kama anayehesabu chenji.
"Wala si wewe uliyenikosea.
Lakini mwandiko huo unausoma wewe.
Haya, wasome na wengine."

4418. Blanketi moja.
4419. Blanketi moja, kikombe kimoja.
4420. Sauti ikanikauka, Padre akaendelea,
akashindwa na herufi za babu, Ustadh akamsaidia,
vichwa viwili juu ya ukurasa mmoja
mpaka adhana ikaadhiniwa upande wa Jomvu,
na Ustadh akasema: mstari huu tuumalize.

Mvulana mmoja alikuja kuufuata mpira wake.
Akasimama, akasikiliza, kauweka kwapani.
"Namba hizo," akauliza, "ni za timu gani?"

Nyaguthii akasogea kwenye benchi,
akampa nafasi.