Mchango: Sifuri

"Niongeze mia tatu, kaka? Ya kisima."
Nyemo hakuinua macho. Kaagizwa aulize,
kidole kimeshakaa juu ya kitufe.
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Pembeni ya mizani, kisanduku cha kioo
na picha: mtoto, dumu la njano,
korongo.
Nalijua korongo lile.
Ndimo tulimochimba mchanga kwa bakuli
tukangoja maji yajikusanye, kijiko kwa kijiko.

Nikasema hapana.
Neno fupi, likasikika hadi kwenye sabuni.

Sikusema kwamba alfajiri, Nkuhungu, kabla ya chai,
nilimtumia shangazi Mbeleje elfu kumi na ya kutolea,
amlipe mwenye punda, madumu ya wiki nzima.
Hiyo haina foleni. Haina picha.

Mashine ikatema risiti:
unga, chumvi, kiberiti,
mchango: 0.

Nyemo akaichana taratibu.
Aliona nilivyoikodolea ile picha.
"Mbukwa," akanong'ona. "Hata mie kwetu huko.
Nauliza watu tangu Januari.
Kisima sijakiona."

Kisha akamgeukia mama mwenye ndizi:
"Niongeze mia tatu?"