Alama ya Soli

Mbingu ya Lima mwezi Julai ni tumbo la punda:
kijivu, chini, hainyeshi wala haiondoki.
Nimempelekea Teófilo gari langu,
kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya mmoja
kama jino la mtoto.

"Nguzo ya taa," nikasema.
Hakukubali, hakukataa.
Aliendelea kufuta mikono kwa fulana kuukuu
ya timu iliyoshuka daraja.

"Zamani nilinyoosha ajali," anasema.
"Mbwa karuka barabarani, breki zimechoka,
bibi harusi kachelewa.
Siku hizi nanyoosha watu.
Hiki ni kiwiko. Hii ni chupa ya bia.
Hapa ni kufuli, mtu alikuwa nalo mkononi,
ametoka kufunga duka lisilouza.
Na teksi ile imekula ngumi saba, nimezihesabu,
kisa taa iligeuka kijani
na dereva alikuwa anapiga chafya."

Mkate umepanda.
Foleni ya hospitali inaanza saa kumi alfajiri.
Mwenye nyumba anapiga simu, bosi hapokei.
"Lakini bei ya mkate," anasema Teófilo,
"utaipiga teke wapi? Haina mlango."

Nacheka. Kisha naliona:
gari dogo jeupe, limeegeshwa ukutani,
mlango wa nyuma umebonyea,
na katikati ya mbonyeo, alama ya soli,
mawimbi matatu na nyota ya kisigino.
Ndani, kiti cha mtoto.

Jumanne sikukiona. Naapa sikukiona.
Jumanne nilimwona mtu aliyenichomekea
pale Javier Prado, akaondoka na kioo changu,
na mori ukanipanda hadi kwenye fizi,
nikashuka katikati ya honi mia
na mguu ukaitangulia akili.

Teófilo anakitazama kiatu changu.
Tangu Jumanne nakanyagia kisigino,
kidole gumba kimevimba kama nyanya.
Hasemi neno. Ananisogezea kigoda.
Anaingia ndani ya gari jeupe,
anaubandua mlango ngozi yake,
anaanza kugonga kutoka ndani,
tok, tok, taratibu,
kama anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

"La nani?"
"La Nélida. Muuguzi. Atalipa kwa mafungu manne."

Nikalipa fungu moja.
Nilisema sina zaidi. Nilikuwa nazo.

Jioni, kioo kipya kinang'aa ubavuni,
basi likanibana kwenye mzunguko,
nikatazama chini:
kiganja changu kilikuwa juu ya honi,
kimefika kabla yangu,
kinanisubiri.