Diwani ya Diwani

Daftari la Mairwen Pugh limevimba kwa mvua ya Wales.
Ukurasa wa tatu: taa ya Mtaa wa Kinu, imekufa tangu Novemba.
Wa nne: Bwana Idwal na mbwa wa jirani. Tena.
Wa tano haupo;
aliuchana kumwandikia mjane mmoja namba ya fundi bomba.

Juzi alishindwa, kwa kura kumi na moja.
Usiku huo huo, koleo mkononi,
akauzibua mtaro chini ya taa ile mfu,
majani yakitoka meusi, yananuka.

Kijana aliyempigia kura mpinzani wake
akamshikia tochi.
"Lakini wewe si diwani tena."

"Maji hayajasikia matokeo," akasema.
"Inua tochi."