Siku Tisa

Juu, Paraná ina rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi,
wala haisemi kitu.
Magugumaji yanapita, meli ya soya inapita.
Eladia Quiroz anaipandisha mashua dhidi ya mkondo,
kibuyu cha mate gotini
(usicheke, msomaji: kwao mate ni majani machungu,
hunywewa kwa mrija, kwa zamu).

Chini kuna msafara.
Mashine inatupa sauti, sauti inagonga, inarudi,
na kwenye kioo matuta yanajichora:
mgongo mrefu, poromoko,
mgongo, poromoko,
kama ng'ombe waliolala kwa mstari
wote wameelekea bahari wasiyoijua.

Nilidhani mchanga husafiri.
"Mchanga hulala," akanirudi.
Punje hupandishwa mgongo kwa kusukumwasukumwa,
hufika kileleni, huanguka upande wa pili,
na wenzake huifukia.
Hukaa gizani humo
hadi tuta zima liipite kwa juu,
hadi iliyokuwa ya mbele iwe ya nyuma,
ione maji tena, ianze kupanda.
Tuta ndilo lenye safari.
Punje, umri wake mwingi ni kungoja.

Mwaka juzi, mafuriko yalipofika magotini mwa mierebi,
nduguye Anselmo alikata kamba ya nanga hapa,
usiku, ili kuiokoa mashua.
Mashua ilipona.
Haya alinisimulia akikitazama kioo.

Leo, saa nne na dakika kumi,
bondeni, kati ya tuta la tatu na la nne,
doa. Lina kulabu mbili.
Akazima redio.
Akarudi nyuma, akapita tena, taratibu,
kama mkono unaopapasa uso wa aliyelala.

Nikauliza, tuteremshe ndoana?
Alikuwa anapima.
Ukingo wa tuta linalofuata
uko mita ishirini na saba, upande wa juu wa mto,
nalo linatambaa mita tatu kwa siku.
"Siku tisa," akasema,
akaandika kwa penseli pembeni mwa daftari,
pale ambapo huwa haandiki hesabu.

Injini ikanguruma, tukaendelea na mstari wetu.
Akanipa kibuyu. Zamu yangu.
Machungu kweli.
Chini yetu punje fulani ilikuwa imefika kileleni,
ikaachia.