Muhtasari wa Kikao cha Pongwe

Kufungua: saa nne na dakika hamsini, badala ya saa tatu.
Wageni walikwama nyuma ya malori ya klinka.
Waliohudhuria: themanini na wawili,
na mbuzi wa Kilua, ambaye sikumwandika.
Mimi ni karani wa kata. Naandika yaliyosemwa,
si yaliyokoholewa.

Ripoti ya tathmini ililetwa ndani ya boksi,
kurasa mia sita na kumi na mbili, Kiingereza kitupu.
Muhtasari wa Kiswahili: kurasa nne,
na ya nne ni picha ya mti.

Injinia Mbelwa akafungua soda, tukaisikia ikipumua.
"Hii ndiyo hewa ukaa. Mnainywa kila sikukuu.
Tutaikamata puani mwa tanuri kabla haijapanda,
tuibane hadi ilegee kama maji,
tuishindilie chini, kilomita mbili,
chini ya mwamba usiopitisha hata siri."
Watu wakacheka. Nikaandika: *Wananchi walielewa.*
Kisha nikakata.

Ndege Mhina, mpakiaji wa saruji, akasimama na buti zake:
"Moshi huu nimeula miaka kumi na tisa.
Mke wangu anaanika kanga ya bluu, anaanua ya kijivu.
Wauzike leo, koleo nitashika mimi."
*Aunga mkono.*
Fomu haina safu ya kuandika alivyokaa,
polepole, kiganja ubavuni.

Mwalimu Shekivuli aliuliza kama yuko darasani:
"Mapango ya Amboni, nani aliyachonga?"
Kimya. Mtoto mmoja dirishani akasema: "Maji."
"Maji gani?"
"Ya mvua, yaliyochanganyika na hiyo ya kwenye soda."
Injinia akaiweka chupa chini.
Akasema huko chini kabisa si chokaa, ni mchanga uliogeuka jiwe.
Kweli. Ukurasa wa mia mbili na tatu.
"Na bomba," akauliza Mwalimu, "litafikaje kwenye mchanga
bila kuitoboa chokaa?"
Ukurasa huo nao upo. Haumo katika zile nne.

Bi Mwanahija Semhando hakunyoosha mkono.
Alikuja na kamba ya katani, mafundo kila dhiraa,
akaitandaza juu ya meza kuu,
juu ya chupa za maji za wageni.
"Kisima changu mmekipima mara moja, mwezi wa tano,
masika, kimejaa hadi kinataka kuongea.
Mimi nakipima kila Ijumaa
tangu mwaka ule lori lilipobomoa ukuta wa zahanati."
Akatoa daftari. Kina. Rangi. Ladha.
Ladha anaiandika kwa neno moja: tamu, chumvi, chuma.

"Mnaiita hewa ukaa. Haya.
Itakaa?"

Mbelwa hakukimbilia kujibu, nami nilimpendea hilo.
Kisha akataja asilimia, akataja miaka elfu.
"Sijauliza itakaa kiasi gani, mwanangu.
Itakaa na nani?
Mkataba wenu ni wa miaka ishirini na mitano.
Kisima hakina mkataba."

Akaliomba daftari, alipeleke Dar es Salaam.
"Nakili hapa hapa. Peni si unayo?"

Wageni wengine walikwenda kula pilau.
Feni haikuzunguka; umeme ulikatika tangu asubuhi.
Injinia akavua koti, akainama,
Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka kumi na mmoja,
akiuliza kwa sauti ya mtu anayejifunza kusoma:
"Hii ni saba au moja?"
"Moja. Siku hiyo mkono ulikuwa unauma."

Mwenyekiti akaninong'oneza:
andika wananchi wameridhia, tufunge.

Niliandika:
*Saa kumi na dakika tano. Bado ananakili.
Amefika mwaka wa tatu, wiki ya pili ya Oktoba.
Mafundo ishirini na sita.
Ladha: chuma.*