Haitatoka Kwenye Mtihani

Miaka kumi na moja nimechora korongo ubaoni
kwa chaki ya kahawia, hapa Ngarenaro,
korongo la ng'ambo, lenye mto chini yake
na jina linalotegua ndimi za Kidato cha Tatu.
Nikaandika: mmomonyoko. Nikaandika: tabaka.
Wakanakili. Kengele ikalia. Nikafuta.
Vumbi la korongo likanikaa kwenye mkono wa blauzi
hadi Jumamosi ya kufua.

Likizo ya Septemba nikadandia lori la saruji kutoka Mto wa Mbu,
nikashuka Engaresero kiatu kimoja kimeachama.
Nosikitok, muuza maziwa, alikishona kwa ukanda wa ngozi
bila kuuliza nimefuata nini. Kisha akauliza.
"Korongo," nikasema.
Akatazama nyuma yake, kama mtu aliyeulizwa
iwapo ana mgongo.

Tuliingia asubuhi, jua halijapata ujasiri wa kushuka kuta.
Watalii huishia kwenye maporomoko, akasema,
huoga, hupiga picha, hurudi kula.
Sisi tukashika mkono wa kushoto,
pale mwamba una ufa wa upana wa mbuzi aliyeshiba.
Nikajipenyeza ubavu ubavu. Nikaacha kifungo.

Ndani, jiwe linapumua.
Sina neno jingine, na nimelitafuta.
Weka shavu: upepo mwembamba, wa baridi,
unatoka mahali ambapo mchana haujawahi kutia mguu,
unanukia chungu kipya kilichotiwa maji.
Kiangazi Nosikitok huweka hapo kibuyu cha maziwa.
Mama yake aliweka.
"Jokofu," akasema, akacheka meno yote.

Halafu mkuyu ulioota ukutani, juu sana,
mizizi imeteremka kama nyuzi za mfumaji wa usiku,
ikinywa jasho la mwamba, tone, tone.
Halafu dimbwi la hatua tatu:
mguu wa kulia moto, wa kushoto baridi,
na visamaki vidogo kuliko ukucha
vinaishi mpakani bila pasipoti.

Nikafungua daftari niandike majina.
Ufa? Hauna. Dimbwi?
"Pale alipoungulia ndama."
Mkuyu?
"Mkuyu."

Halafu nje, adhuhuri, nchi nyeupe ya majivu,
Mlima wa Mungu umekunja uso,
na kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la kwato
kinachohama. Kweli kinahama.
Boma la marehemu Parmuat lilikuwa mbele ya kilima.
Siku hizi liko nyuma, wala halikusogea.
Nikatoa sumaku ya maabara, niliyoiazima bila kuandikisha,
mchanga ukairukia, ukaiotesha manyoya.
Nosikitok akanyamaza kwa mara ya kwanza siku ile.
Akaishika. Akaigeuza. Akaitupa, akaiokota,
kama anayempima mkwe mtarajiwa.
"Kumbe unashikana," akasema,
"ndiyo maana hautawanyiki njiani.
Sisi tulisema ni undugu."

Sumaku nilimwachia. Nitailipa.

Jumatatu, Kidato cha Tatu B, nikashika chaki ya kahawia
na mkono ukakataa kuanza na mto wa ng'ambo.
Nikachora ufa. Tu. Mstari mmoja uliopinda.
Elirehema wa dawati la mbele akanyoosha kidole,
rula mezani, tarehe imeshapigiwa mstari:
"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"
Nikamwambia haitatoka.
Wakaweka kalamu chini, darasa zima,
kwa kishindo kidogo cha mvua inayoghairi.
Ndipo nikaanza.