Handaki la Kumi na Nne

Nasri anasema gemu hili limemchosha.
Handaki la kumi na nne, anasema, ni lile la kwanza:
wamehamisha ngazi, wakaziba mlango mmoja,
wakawavisha mifupa wale wale kofia mpya za chuma.
Kasha liko kushoto. Daima kushoto.
Ndani mna chupa ya dawa nyekundu na sarafu saba.
"Hawa wamechoka kubuni," anasema, "wananakili tu,
kama mwanafunzi anayeiba jibu pamoja na kosa lake."

Mie simjibu. Bega linaniuma.
Leo nimepandisha mitungi kumi na mmoja ya gesi Michenzani,
jumba la sita, jumba la saba,
na ungenifunga kitambaa cha macho ukanizungusha mara tatu
nisingekwambia niko lipi.
Ngazi kumi, kona. Ngazi kumi, kona.
Ukuta uliopakwa rangi hadi kiunoni,
matundu ya saruji yanayolikata jua vipande sakafuni,
mlango wa buluu, mlango wa buluu, mlango wa buluu,
mlango wa kijani: huyo alikwenda Omani akarudi.

Aliyeyachora haya naye alichoka kubuni?
Alichora ngazi moja,
akaikariri mpaka barabara ikamwishia.

Lakini mguu una ramani yake.
Kona ya tatu, jumba la saba, kuna ngazi iliyomeguka,
nami huiruka na mtungi begani bila kuitazama,
kama Nasri anavyouruka mtego wa mishale
huku ananisimulia habari za mpira,
vidole vyekundu kwa ubuyu.

Na ghorofa ya nne, Bi Ghanima.
Mtungi wake huisha kila siku ya ishirini na tatu;
Ramadhani, siku ya kumi na sita.
Hodi. Karibu. Weka hapo. Si hapo, hapo!
Nauweka pale pale pa siku zote,
na siku zote si hapo.
Pesa anazikunja mara nne, zinanukia iliki.
Hushuka nikihesabu:
bado miaka mingapi ya ngazi hizi.

Mwezi uliopita ishirini na tatu ikapita.
Ikapita ishirini na saba. Ikapita thelathini.
Nikapanda bila kuitwa, bila mtungi,
mikono sijui niiweke wapi.
Kumbe yuko mzima, tena anacheka:
mwanawe kamnunulia jiko la umeme.
Akanipa glasi ya maji. Nikanywa nimesimama.
"Basi," akasema.
"Basi," nikasema.

Nikashuka, mwepesi kama mwizi,
na chini ya kona ya pili nikaona
mtu aliandika jina lake saruji ilipokuwa mbichi,
labda kwa msumari, labda kwa kidole:
HAMDUNI, na ile N imetazama nyuma.
Miaka minne napita hapo
na kilo thelathini juu ya shingo.

Usiku Nasri kalala mkekani, mdomo wazi.
Nachukua upanga wake.
Handaki ameshalimaliza: mifupa chini, kasha wazi,
hakuna wa kunishambulia, hakuna wa kuokolewa,
hakuna aliyeagiza chochote.
Natembea tu.
Mienge inawaka kwa mpangilio ule ule.
Maji yanadondoka: tone, tone,
halafu la tatu linachelewa kidogo.
(Nani alikaa akaamua lichelewe?)
Nasogeza uso hadi kioo kinapata ukungu wa pumzi yangu,
naupitia ukuta jiwe kwa jiwe,
chini ya kona, nyuma ya ngazi,
namtafuta Hamduni wao.

Sijamwona.
Kuna la kumi na tano.